Mashine ya Magwagwa na Jua Lililokataa Kuzama

Kila nilipotaka kutoboa chuma kinene, ilinibidi nifunge karakana yangu ya nyumbani hapa Masimba niende Kisii mjini kuomba zamu kwenye mashine za watu. Wateja wangu, wafugaji wanaoniletea mashine za kukatia majani ya ng'ombe, walichoka kuningoja, wakaanza kunihama mmoja mmoja. Basi niliposikia kuwa mjane mmoja huko Magwagwa anauza mashine ya marehemu mumewe, ya kutoboa na kuchonga chuma, usingizi uliniruka. Tena niliambiwa kuna mtu mwingine anaimezea mate.

Ijumaa asubuhi niliondoka. Nyamira mjini nilipoteza muda nikitafuta pikapu ya kubebea mzigo, na dereva niliyempata akanicheka: "Fundi, mbona uko mbio hivi? Unafukuzwa?" Tukakubaliana anifuate kesho yake. Mvua ikanizuia tena kwenye kibanda cha ndizi, nami nikawa nasimama na kukaa, nasimama na kukaa.

Magwagwa niliingia jua likizama. Mama Kerubo, yule mjane, alikuwa ameshafagia ua na kupika chakula cha kesho. Mimi Mkatoliki sikujiuliza kwa nini. Hata kiti sikukikalia vizuri.

"Mama, naomba kuiona mashine."

"Sabato imeingia, baba. Ungekuja mapema tungeongea. Sasa kula, ulale. Hiyo mambo ni kesho jua ikizama."

Jumamosi ilikuwa ndefu ajabu. Nilienda naye kanisani, nikaimba nyimbo nisizozijua, macho yangu dirishani. Baada ya chakula tulikaa barazani, tukitazamana na kibanda cha mashine kilichofungwa kufuli. Nilikuwa naumwa na hamu. Mchana huo lori dogo likaingia uani, akashuka yule mnunuzi mwingine.

"Mama, nimekuja na kila kitu. Fungua tupakie."

"Karibu chakula kwanza. Jua bado iko juu."

"Mimi si wa kungojea jua," akasema, akageuza gari. Nilifurahi, sitaficha, ila nilijua angeweza kurudi jua likizama.

Jua lilipozama hatimaye, Mama Kerubo akafungua kibanda na kuitoa leso ya kujifunga iliyofunika mashine. Ilikuwa nzima, imepakwa mafuta. Tulielewana bei mara moja. Pikapu nayo ilikuwa imefika, dereva akipiga honi.

"Iwashe kwanza," mama akasema.

Nilifunga biti ya kutobolea, nikatoboa kipande cha bati nene kilichokuwa mezani. Nilipoizima, yeye alikuwa ameegemea mlango, amefumba macho.

"Hivyo ndivyo nilikuwa najua yuko," akasema. "Nikiwa jikoni nasikia hiyo, najua mzee yuko. Washa tena."

Nikawasha. Honi ikalia nje. Nikatoboa tundu jingine lisilo na kazi yoyote, kisha jingine, na jingine. Mwaka mzima sikuwahi kufanya kazi polepole namna ile. Nilitoboa mpaka kile kipande kikajaa, ndipo mama akasema, "Sasa beba."

Tulirudi Masimba usiku huohuo, mimi nyuma ya pikapu nimeishika mashine kwa mikono miwili. Leso alinipa, akiniagiza niifunike nayo kila Ijumaa.

Wateja wamerudi, na haraka yangu pia imerudi, siwezi kudanganya. Lakini nimejifunza kwamba mashine ya mtu haitoki nyumbani kwake siku unayoipakia garini. Ijumaa jua likianza kushuka naizima, hata mteja akinuna. Na Jumapili, kabla sijaanza kazi, nampigia Mama Kerubo simu. Tukishajuliana hali, naiweka simu mezani karibu na mashine, nawasha, naye anasikiliza.