Siku Niliyomtangaza Mama

Watu huniuliza. Wananipata sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya maji pale Huruma, mtaa wa hapa Eldoret ninapopanga chumba. Wananishika mkono: "Wewe si ndiye yule wa mtandao? Hebu niambie, nataka kuanza biashara ya mtandaoni, nianzie wapi?" Wanauliza kwa sababu tangazo langu lilifika mbali kuliko tangazo lolote wanalolijua. Hiyo ni kweli, lilifika mpaka kwa watu wetu walioko Uarabuni. Na mimi, kwa vile nashindwa kukataa, huwaambia. Piga picha mchana, karibu na dirisha. Weka bei wazi, achana na mambo ya "njoo inbox", watu wetu wakiona bei imefichwa wanajua ni ya kunyonga. Pokea simu. Usiseme zimebaki mbili na ziko ishirini. Wananishukuru, wanaenda zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilikuwa nauza nini.

Nilikuwa nauza mursik. Yaani maziwa yetu ya kibuyu, yale yanayolazwa siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichopakwa unga wa mkaa, yakatoka na rangi ya majivu na ukali wa kukamata ulimi. Hayakuwa yangu, yalikuwa ya mama. Mama anakaa Kiplombe, kwenye kishamba alichoachiwa na baba, na tangu nikiwa mdogo ameuza mursik kando ya barabara ya kwenda Turbo. Anakalia jerikeni, chupa zimepangwa mbele yake juu ya gunia, na madereva wa malori wanasimama. Ndivyo tulivyosoma na ndivyo tulivyovaa.

Mwaka wa lile tangazo magoti yake yakaanza kukataa, na kifua kikafuata. Mvua ya huku si ya kuchezea, inakuja mchana na mawe yake, na mama alikuwa anarudi amelowa chapachapa, anakohoa kikohozi cha chini kabisa, kama mtu anaburuta meza. Daktari akasema mapafu yake hayataki baridi tena. Hayataki baridi, Eldoret hii! Nilitaka kumuuliza daktari kama yeye anaishi Mombasa. Mimi nilikuwa nimefutwa kazi ya ukarani kwenye ghala moja la mahindi, sina mbele sina nyuma. Lakini nikaapa kitu kimoja, mama atoke barabarani. Akae nyumbani kwake karibu na moto, watu waagize kwa simu, mtu wa boda achukue chupa mlangoni. Sikutaka utajiri. Nilitaka mama apumzike.

Kwa hiyo nikaenda kusomea biashara ya mtandao. Kulikuwa na kijana anafundisha ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, suti ya bluu na raba nyeupe. Sitamsema vibaya. Hakuwa mwongo, na mengi aliyosema nayarudia mpaka leo. Alisema mtu hanunui kitu, ananunua hadithi. Alisema: weka sura ya mtu kwenye tangazo. Alisema usianze kwa kuuza, mwanzo usitaje bidhaa kabisa, mguse mtu roho kwanza, bidhaa ikae chini. Tena mpe mtu siku, saa, mahali na nambari ya simu, asije akabaki anashangaa afanye nini. Niliandika yote kwenye daftari na kupiga mistari chini yake kwa kalamu nyekundu.

Nikatengeneza tangazo kwenye simu, jioni nzima. Picha ya mama niliipata ya kanisani: kitambaa cheupe kichwani, anaangalia pembeni, hacheki kwa sababu meno ya mbele hayapo. Kwenye simu kulikuwa na mapambo ya bure. Nikachagua yaliyonipendeza, duara la dhahabu kuzunguka uso, maua meupe kwenye kona, na nyuma mawingu ya zambarau. Juu nikaandika kwa herufi kubwa MAMA YETU MPENDWA. Chini yake: Miaka arobaini ametuhudumia bila kuchoka. Halafu: Karibuni nyumbani kwake Kiplombe, Jumamosi saa nne asubuhi. Wasiliana na binti yake. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama nilivyofundishwa: Kuonja mursik ni bure, oda zinapokelewa.

Wewe kama ni wa huku, najua umeshashika kichwa. Mimi sikuona. Naapa sikuona. Nilikuwa namwangalia mama yangu, nikaona amependeza.

Nikaliweka Alhamisi asubuhi, kwenye ukurasa wangu na kwenye grupu la nyumbani. Kufika saa sita, simu ilikuwa inatetemeka mezani kama imeshikwa na malaria. Watu wanasambaza, watu ambao hawajawahi kunipa hata laiki moja. Wa kwanza kuandika alisema, "Pole sana Mama." Sasa pole si tunaambiana kila saa? Ukibeba maji unaambiwa pole, ukitoka shamba unaambiwa pole. Nikaona watu wamemwonea mama huruma kwa miaka hiyo yote ya jua na mvua. Mwingine akaandika, "Pumzika Mama, umefanya kazi yako." Nikalia. Nililia kwa furaha, mkono mdomoni, majirani wasisikie. Nikamjibu: "Asante sana, hiyo ndiyo nia yetu kama familia."

Niliandika hivyo. Iko mpaka leo.

Mmoja akauliza, "Kwani alikuwa anaugua?" Nikajibu, magoti tu na kifua. Mwingine akasema ametuachia pengo, nikafikiri anasema juu ya barabarani, kwamba madereva watakosa pa kusimama, nikamwambia asijali, boda zipo. Na simu zikaanza. Huku kwetu mtu mzima hatamki kifo hivihivi. Anazunguka. Anasema ametuacha, ama hasemi kitu kabisa, anakwambia tu kwa sauti ya chini, "Tumesikia." Nikawa najibu, "Mmesikia? Kongoi, asanteni sana, Mungu awabariki, sambazeni." Upande ule wanasema, "Basi tutakuja Jumamosi. Tubebe nini?" "Aa, msibebe kitu, njooni tu, kila kitu kiko tayari." Wote wakasema nimeumbwa na moyo wa chuma. Nilifikiri wanasifu biashara.

Jumamosi nilifika Kiplombe mapema na vikombe vya kukodisha. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anapaka vibuyu mkaa kwa ndani. Nilikuwa nimemwambia wageni watakuja kuonja, akauliza wangapi, nikamwambia wengi, akacheka, akaniambia wewe mtoto unapenda maneno makubwa. Saa nne kasoro nikasikia wimbo. Wimbo wa kanisani, wa polepole. Wanawake wanapanda njia, leso zimefungwa kiunoni, wengine na kuni kichwani, wengine na sukari, wawili wameshika sufuria kubwa kila mmoja upande wake. Nyuma yao wanaume watano na majembe.

Ni hapo nilipoelewa. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, kuanzia maua mpaka mawingu, nikataka kukimbilia lango nilifunge. Nilichelewa. Mama alikuwa ameshatokea kwenye kona ya nyumba, masizi mpaka kwenye viwiko, kibuyu mkononi.

"Karibuni," akasema. "Mbona majembe?"

Wuui! Mama wa mbele aliangusha sukari. Mwingine alikaa chini palepale kwenye nyasi na kuni zake. Wimbo ulikatika, isipokuwa bibi mmoja nyuma asiyesikia vizuri, yeye aliendelea peke yake mpaka akaguswa bega.

Mama aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. "Nani ametuacha?" akauliza. Nasikia sauti hiyo mpaka sasa. Aliuliza kwa huruma, akifuta mikono kwenye sketi, tayari kwenda kuwasaidia wenye msiba.

Mzee mmoja wa kanisa akajikaza, akasema, "Hakuna, Mama. Tumekuja kukusalimia."

"Na majembe?"

"Tukaona tukulimie kidogo."

Na wakalima! Wale wanaume watano waliingia kwenye bustani yake ya sukuma wiki na kulima kila inchi, bila kuinua uso, kama wameamriwa na serikali. Wanawake wakapika chai kwa sukari yao wenyewe. Walikunywa chai yote. Mursik nilizunguka nayo vikombe na vikombe, nikirudi navyo vimejaa. Mmoja alishika kikombe, akakiangalia, akakiweka chini taratibu na kusema tumbo limemjaa. Kufika saa nane walikuwa wameondoka, na wengine hawakuaga.

Niliandika masahihisho siku ileile. Hili nawaambia wanaoanza, na hakuna anayenisikia: masahihisho hayasafiri. Niliandika, "Mama yuko hai." Waliyaona watu kumi na moja. Mmoja akajibu, "Amina, yu hai milele mbinguni." Nilitaka kutupa simu chooni.

Jumatatu mama akarudi barabarani, kikohozi na yote, kwa sababu oda haikuja hata moja na vibuyu vilikuwa vimeiva. Nilimsindikiza. Pale pake palikuwa na mwanamke mwingine, mama wa heshima tu, amepanga chupa zake vizuri. Alipotuona alisimama, akashika kifua. Alisema madereva walimwambia mwenye mahali ametangulia, na yeye ana watoto, akaonelea pasikae bure. Nilimfokea. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Mama akanivuta mkono. "Wacha," akasema. "Ametafuta kama mimi." Akabeba jerikeni yake mpaka ng'ambo ya barabara, mbele kidogo, mahali pasipo na mti, na upepo unapiga kutoka pande zote.

Malori yaliendelea kusimama, lakini ng'ambo ile nyingine. Dereva mmoja wa zamani, aliyenunua kwake tangu nikiwa shule ya msingi, alishusha kioo, akamwona, akakipandisha. Mwingine alivuka kuja kumsalimia, akamshika mkono, akashangaa sana na kumshukuru Mungu, halafu akarudi kununua kwa yule mwingine. Sijui ni woga ama ni aibu. Ukishamwimbia mtu wimbo wa mwisho, naona ni vigumu kunywa maziwa yake. Nilichotaka ni kumtoa mama barabarani, na nilichofanya ni kuwatoa wateja, yeye nikamwacha hapohapo.

Wiki hiyo aliniomba simu. Alitaka kuona tangazo na maneno ya watu. Nikampa nikijua atanichapa hata kwa umri huu, na ningefurahi. Alivaa miwani akasoma taratibu, midomo ikienda. Alisoma yote. "Huyu ameandika nilimnyonyeshea mtoto alipokuwa hospitali. Kumbe anakumbuka." Akasonga mbele. "Na huyu! Huyu jirani si alikataa kunisalimia tangu ile kesi ya ng'ombe?" Akasoma tena maneno ya yule jirani, mara mbili. Nikamwambia nataka kufuta yote, nilikuwa nangoja tu ruhusa yake.

"Usifute," akasema. "Picha ni nzuri. Maua pia ni mazuri. Siku ikifika usisumbuke kutengeneza ingine." Akanirudishia simu, akaenda kuosha chupa.

Jana nilipita pale. Mvua ilikuwa imeshaanza kunyunyiza. Alikuwa amejifunika karatasi ya nailoni, chupa zake zote zimejaa mpaka shingoni, na ng'ambo yule mama mwingine anafungasha zilizo tupu. Alikohoa mpaka akashika goti langu asianguke. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia kile nilichotaka tangu mwanzo, kabla ya kijana wa suti na kabla ya maua.

"Mama, basi. Pumzika."

Alikung'uta maji kwenye nailoni yake.

"Hilo neno," akasema, "wewe usiniambie tena."

Nikakaa naye hapo mpaka mvua ikashuka yote.