Siku Baba Mkwe Alipokanyaga Sakafu Mbichi

Nacheka na nyie sasa, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze, na mpaka leo kuna mama mmoja hapa Makwale tukikutana kanisani anainamisha kichwa ili asicheke mbele yangu.

Fundi Ambakisye alishinda siku mbili akidonoa kwa patasi sakafu ya jikoni kwangu, maana vigae alivyokuja kuweka havishiki juu ya nta nyekundu (na hiyo nta nimeipaka mwenyewe miaka kumi na mbili, simlaumu mtu), akaosha, akamwaga saruji ya kusawazisha, akaweka tawi mlangoni, akasema siku tatu asiingie mtu. Nikaitikia vizuri kabisa. Hata saa moja haijapita, nataka kwenda sokoni Kyela, nikakumbuka chumvi ya kupikia huko nje imebaki kwenye rafu ya kona, basi nikatoa tawi, nikalaza ubao juu ya saruji, nikaingia. Chumvi tu, jamani.

Sasa kwetu, kwa msiojua, mke na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemeshani. Akitokea huku, wewe unapitia kule. Mume wangu alishamwambia mzee kwamba nimeenda Kyela, naye akaona ndiyo nafasi ya kuja kutazama hiyo sakafu inayosemwa. Nikasikia malapa yake mlangoni. Nikageukia ukuta, nikajifunika kanga kichwa kizima. Yeye katoka juani, ndani haoni kitu, ubao hajauona, nikajua ataanguka, mzee wa miaka sabini, na mdomo wangu ukakataa kufunguka.

Akateleza, akakaa kwenye saruji, puu. Majirani walikuja wakatukuta, yeye chini anaguna, mimi konani nimeukumbatia ukuta na pakiti ya chumvi, tumepeana migongo.

Mkono wake ulivimba wiki nzima, na hilo ndilo linaloniuma, si sakafu (ingawa fundi aliidonoa upya huku akisonya). Walipomwinua hakuniangalia, alimwambia tu mama jirani, taratibu, "Mwambie mkwe wangu, siku nyingine akohoe."

Kukohoa. Heshima yote ile niliyoibeba, na kukohoa hakuna aliyenikataza. Tangu hapo nikiingia jikoni nakohoa, mtu awepo asiwepo, na wanangu wameanza kunichemshia tangawizi.