Ndala ya Mama

Juzi tulikuwa tunachimba shimo jipya la choo nyumbani Mbekenyera, tukakutana na jalala la zamani la mama. Kila asubuhi alifagia uwanja na kumwaga taka humo, akisema udongo hauna kinyaa, unakula vyote. Nami nilimwamini, mjinga mimi. Magunzi na majani ya mkorosho yalikuwa yamegeuka udongo mweusi kabisa. Lakini mifuko ya plastiki ilikuwepo, tabaka juu ya tabaka, na katikati yake ndala ya bluu ya mama, pamoja na waya alioifungia siku nilipoikata kwa kukimbia nayo. Niliiosha, rangi ikarudi. Mama mwenyewe tulimzika ng'ambo ya mkorosho. Udongo umemla yeye, ndala yake umeiacha.