Kamio Ilipokosa Hewa

Baba alifariki Kabambare alfajiri, na habari ikatukuta Kasongo, nilikokuwa nikimuuguza mama nyonga iliyovunjika. Mama hakupiga kelele. Alisema anataka kuuona uso wa mumewe kabla haujafunikwa udongo, basi. Pikipiki ingefika mapema, lakini kwa nyonga ile nani angempakia? Tukampata jirani mwenye kamio ya mazuti, yaani lori la dizeli, tukamlaza mama nyuma juu ya godoro, nami nikakaa naye nimshike barabara ikimrusha.

Baba mdogo alituahidi kwa simu kwamba wangengoja mpaka alasiri. Zaidi ya hapo hapana. Sisi Waislamu hatumcheleweshi maiti.

Kamio ile jirani aliitengeneza upya mwenyewe. Alitoa boksi la hewa la kiwandani, akaweka bomba refu la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo, ili avuke mito bila moteri kunywa maji. Mimi hata nilimsifu. Hatujaenda mbali, taa ya rangi ya chungwa ikawaka mbele yake na nguvu ikaisha. Akanyage mpaka chini, kamio inanguruma na kutambaa tu. Wanawake wenye vikapu vya mihogo wakatupita kwa miguu, wakatupa pole.

Jirani akasimama, akachomeka chini ya usukani kile kidude chake kinachosoma makosa, akatazama simu. "Iko kapteri ya hewa," akasema, yaani kile kifaa kidogo kinachopima hewa inayoingia kwenye moteri. Akaifungua, akaiosha kwa petroli, akafuta kosa. Tukaenda. Kilima cha kwanza tu, taa tena. Akatoa kapteri nyingine chini ya kiti, aliyoing'oa kwenye gari bovu, akaibadilisha taratibu huku akipiga mluzi. Nilitamani kumpiga na spana. Kosa likawa lilelile.

Tulipojikokota hadi juu ya kilima, mtandao ukapatikana na simu ikalia. Baba mdogo. Alasiri imeshasaliwa, watu wamesimama na jeneza, anauliza tuko wapi. Mimi nikaanza kumdanganya kwamba tuko karibu. Mama akaninyang'anya simu.

"Shemeji, mumuzike," akasema. "Msimchoshe kwa ajili yangu." Akanirudishia simu, akavuta kitenge juu ya kichwa chake. Nililia.

Jirani alikuwa amepanda juu ya kabini. Madereva wote wa njia ile, kiangazi kikiingia, hufunga kipande cha blanketi kwenye mdomo wa bomba kuzuia vumbi jekundu. Yeye alikifunga zamani akakisahau. Umande na vumbi vimekigeuza tope gumu, moteri inavuta hewa haipati, nasi tunailaumu kapteri iliyokuwa ikisema kweli. Akakikata kwa kisu, akakitupa majanini, akafuta kosa. Hakututazama usoni.

Kamio ikawaka vizuri. Akakanyaga, tukateremka kwa kasi ambayo tangu asubuhi nilikuwa nikiiomba kwa Mungu, miti ikitupita, godoro likiruka. Mama akatoa mkono ndani ya kitenge, akanishika kifundo cha mkono.

"Mwambie apunguze, mwanangu," akasema. "Huko sina tena wa kumuwahi."