Mkwe Hasalimiwi Injini Ikiunguruma

Mume wangu alitaka kitu kimoja tu duniani, na hakikuwa mimi. Mimi alikwisha kunipata. Alitaka kuendesha gari la mashindano, lile lenye namba ubavuni, watu wamejipanga kando wanakula vumbi lake na bado wanapiga makofi. Ukimwambia mtu wa Singida wa miaka ile jambo kama hilo anakunusa mdomo kwanza. Barabara ya kwenda Manyoni ilikuwa vumbi mwanzo mwisho, masika yakija inakuwa tope, na wewe unazungumza habari za mashindano.

Lakini ndiyo ilikuwa enzi ya ruksa. Nguo za mitumba zimejaa sokoni, kila nyumba inataka redio ya kaseti, kisha magari ya Kijapani yaliyotumika yakaanza kufika, moja moja, mengine yamepitia Uarabuni. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la alizeti. Siku moja akakuta gari la namna hiyo pale Shelui, limeegeshwa nyuma ya nyumba ya wageni, mwenye nalo limemshinda. Jeupe, milango minne, limeinama mpaka kuku akilala njiani ni kesi. Walielewana wenyewe wanaume, mimi sikuulizwa. Akarudi nalo kwetu Utemini, akafungua boneti kabla hajanisalimu, akanionyesha dude la chuma lenye umbo la konokono.

"Hii ndiyo tabo, mama," akasema. "Inazungushwa na moshi wa injini yenyewe, halafu inaisukumia injini hewa. Gari linajipuliza lenyewe."

Nikamwambia mimi nimezoea kupuliza kuni, na chakula kimepoa.

Walikuwepo na wengine wenye wazimu huo. Madereva teksi wawili, kijana wa mwenye mashine ya kukamua alizeti, na fundi mmoja wa malori. Jumapili watu wakitoka kanisani wao walikwenda nje ya mji, kwenye uwanda kando ya ziwa la chumvi, ambako kiangazi ardhi inakauka na kuwa ngumu kama sakafu. Walipanga mapipa wakayapaka chokaa, wakapata njia ya kuzunguka. Mwalimu wa michezo aliwaazima saa ya kupimia wakimbiaji, nami nikakabidhiwa niishike, kwa sababu kila mmoja wao aliamini wenzake ni waongo. Walikuwa sahihi. Basi nikawa mwamuzi, kanga kichwani, jua linanichoma, napiga kelele za sekunde.

Wiki nzima baina ya Jumapili na Jumapili ilikuwa ya kulichokonoa gari. Viti vya nyuma vilitolewa ili liwe jepesi, vikaja sebuleni kwangu vikawa sofa, na wageni waliketi humo wakisifia. Ekzosi ilikatwa, fundi wa kuchomelea akaweka bomba nene la moja kwa moja, likitoka nyumbani majirani wanajua. Rejeta ndogo ya kupoza hewa walikuwa wakiifunika gunia lililoloweshwa maji kabla ya kuanza, kisha wanalichomoa. Vumbi la uwanda lilikuwa likiua injini, nikatoa soksi yangu ndefu ya harusini, wakaipaka oili na kuivika chujio la hewa. Na mimi wakati huo nilikuwa nesi msaidizi kwenye zahanati. Kile kigurudumu cha plastiki cha kupunguza na kuongeza dripu, ambacho tukishatumia tunatupa, yeye alikifunga kwenye kimpira cha hewa cha tabo. Akikilegeza, tabo inasukuma zaidi ya alivyotaka Mjapani. Wagonjwa wangu wangejua, wangecheka wakapona.

Nacheka sasa, lakini zile Jumapili nazililia. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na wakati ule sikujua kwamba ndiyo yenyewe. Nilikuwa nanung'unika tu juu ya vumbi kwenye nywele.

Sasa nieleze habari ya kile kidude. Kwenye dashibodi kulikuwa na kidude kidogo chenye namba nyekundu. Ukichomoa ufunguo, injini haizimi. Inaendelea kuunguruma yenyewe dakika kadhaa, namba zinarudi nyuma, zikiisha ndipo inazima. Mwanzoni tulidhani ni ubovu. Fundi wa malori ndiye aliyetueleza kwamba tabo ikitoka kwenye mbio inakuwa nyekundu kwa moto, na inapozwa na oili inayopita ndani yake. Ukizima ghafla oili inasimama, inaungulia humo humo kama maziwa yaliyosahaulika jikoni. Kidude kile kilikuwa kinaiachia tabo ipumue.

Tukaenda kumsalimia baba yangu kijijini. Baba alikuwa mzee wa ng'ombe na mtama, mpole, ila kwenye heshima alikuwa hana mchezo. Kwetu ukiwa juu ya baiskeli ukakutana na mkweo unashuka, unaiegemeza, unasogea, ndipo unasalimia. Kumsalimu ukiwa umekaa juu ya kitu ni kumwambia kuwa yeye ni kituo tu cha njiani. Mume wangu akafika, akachomoa ufunguo, akashuka, akainama kwa adabu zote. "Shikamoo baba." Na nyuma yake gari linaunguruma.

Baba hakuitikia. Alilitazama gari, akanitazama mimi, akauliza kwa Kinyaturu, "Huyu amefika, au anapita?"

Jamani, aibu ile. Mume wangu alisimama na ufunguo mkononi, akaanza kueleza habari za oili na moto, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mjeuri. Namba zikarudi nyuma taratibu kama zinatukomoa. Injini ilipozima ndipo baba akasema marahaba, na akasema, "Mtu akikusalimu injini ikiunguruma, huyo hajafika." Siku nzima alikuwa mwema, kuku akachinjwa, lakini neno lilikuwa limeshasemwa.

Tuliporudi Utemini mume wangu alichukua bisibisi, akaking'oa kidude, akampa fundi redio. Nikamwuliza, na tabo je? Akasema atakuwa akiipoza mwenyewe. Na kweli, tangu siku ile akitoka kwenye mbio alibaki ndani ya gari, injini inaunguruma, ametulia kama kuku anayeatamia, mpaka aridhike. Tukienda kwa baba aliendesha polepole kilomita za mwisho ili tabo ipoe njiani, kisha anazima palepale anapofika. Alikuwa amepata dawa. Nami nilimpenda zaidi kwa hilo, nisiseme uongo.

Kisha akaja mgeni kutoka Arusha. Alikuwa mtu mzima, fundi wa timu ya magari ya mashindano, anapita kwenda Nzega kwa shughuli zake, na habari za vichaa wa uwanda wa chumvi zikawa zimemfikia. Timu yake ilikuwa inatafuta dereva. Aliwaambia bila kuzunguka: atakayezunguka uwanda kwa chini ya dakika moja na sekunde hamsini ataondoka naye. Majaribio yakapangwa Jumapili iliyofuata, naye angesafiri jioni yake, kwa hiyo hapakuwa na Jumapili nyingine. Mume wangu mpaka hapo rekodi yake ilikuwa dakika moja na hamsini na mbili, na hakuna aliyekuwa karibu naye.

Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala, nami sikulala. Asubuhi hakula. Nilimwambia mbona umekaa kama bwana harusi, akasema siku ya harusi hakuwa na wasiwasi hivi. Sikuchukia. Nilijua anachokitaka, na mimi pia nilikitaka, nilikwisha kujiona Arusha na sweta.

Mgeni alisema kila dereva ana mizunguko mitatu, na kwamba ukianza usisimame mpaka ashushe kitambaa. Wengine wakaenda, wakashindwa. Mume wangu akaingia. Alilegeza kile kigurudumu cha dripu mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, gunia likachomolewa linachuruzika, akaondoka. Mzunguko wa kwanza, hamsini na moja. Wa pili, hamsini na kitu kidogo. Mgeni naye alikuwa na saa yake, akaniangalia, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, tunasoma sawa. Wa tatu ulipoanza gari lilikuwa linapiga mluzi ambao sijawahi kuusikia. Mapipa ya mbali aliyapita mapema kuliko mara zote. Nilihesabu kimoyomoyo nikajua. Amepata.

Ndipo nikamwona baba.

Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesikia kwamba mkwe wake atakimbia mbele ya watu, akaondoka kijijini kwa miguu alfajiri, amevaa koti lake la kanisani, fimbo mkononi. Alikuja kwa njia wanayopitishia ng'ombe kwenda kulamba chumvi, na njia hiyo inatokea kwenye pipa la kona ya mwisho. Alisimama hapo, pembeni kabisa, hakuwa hatarini wala hakumzuia mtu. Gari lilipotokea akainua fimbo, kama unavyomwinulia mtu wako mkono. Basi.

Mume wangu alifunga breki. Vumbi likawafunika wote wawili. Lilipotua nikaona mlango umefunguliwa, na sikusikia kitu, yaani injini imezimwa, na yeye ameinama mbele ya baba mikono pamoja. Nilipiga kelele nikiita jina lake. Nilikuwa mbali mno. Na ningekuwa karibu ningesema nini? Kwamba asimsalimie baba yangu?

Na salamu za kwetu hazikatwi. Habari za nyumbani, habari za ng'ombe, habari za shemeji aliyekuwa anaumwa mgongo. Nilikuwa nawaona midomo ikienda. Saa mkononi mwangu iliendelea kukimbia, sikuizima. Kisha baba akampapasa begani, akamwonyesha njia kwa fimbo kama kumwambia haya, endelea na kazi yako.

Gari liliwaka. Likatoa moshi mweupe wenye ubluu, mwingi kama wa tanuri la matofali, na ule mluzi ukageuka kuwa kitu cha kukwaruza. Lilijikokota mpaka tulipokuwa tumesimama. Fundi wa malori alifungua boneti, akagusa konokono kwa kitambaa, akasema oili imeungulia ndani, akafunga tena. Gari lingine la kiwango chake halikuwepo Singida nzima.

Mgeni aliirudisha saa yake mfukoni. Aliuliza yule mzee ni nani, nikamwambia ni baba yangu. Akaniambia mimi, siyo mume wangu, "Ningekuwa na binti, huyu ningempa. Gari siwezi kumpa." Akapanda gari lake akaenda zake Nzega.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wa kwetu alizaliwa siku ileile, na mpaka leo tunaishi naye. Gari liliuzwa vipandevipande, viti vyake tu ndivyo vikabaki sebuleni. Mume wangu akarudi kwenye lori. Hakuwa mlevi, hakunipiga, hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Barabara ilipowekwa lami kila mtu alifurahi, yeye aliitazama tu na kusema, "Sasa ndiyo wanaleta." Nilimchukia kidogo kwa kusimama. Ningemchukia sana kama angepita. Nimeligeuza jambo hilo kila upande na sijapata upande wa kulishikia.

Baba ndiye aliyefurahi. Kila harusi, kila kikao cha ukoo, alisimama na kusema habari ya mkwe wake aliyekuwa anakimbia mbele ya umati, akamwona mzee kando ya njia, akazima gari. "Akazima," alikuwa anarudia, "siyo kupunguza." Wakwe wa wenzake walipigwa mfano huo mpaka wakamchukia mume wangu. Mara nyingi nilitaka kumwambia baba salamu ile iliua nini. Mume wangu alikataa. "Mwachie salamu yake," alisema. "Ni yake."

Nikamwachia. Hata baba alipolazwa hospitali, mwili umekwisha, aliniuliza lile gari jeupe liliishia wapi, mume wangu amesimama pale kando ya kitanda. Yeye akajibu kabla yangu, "Lilichoka, baba." Baba akasema magari ya Kijapani ni laini.

Siku ya kumrudisha baba kijijini kumzika, mume wangu aliomba aendeshe yeye. Tulipewa gari kubwa la dizeli, nalo lina tabo, magari yote siku hizi yana tabo. Tulipanda vilima na mzigo ule, injini imechemka, tukaingia uani watu wamejipanga wanalia. Kijana mwenye gari, aliyekaa nyuma yetu, akamwambia kwa upole, "Mzee, usizime kwanza, iache ipoe."

Nami nilitaka kusema hivyohivyo. Nilitaka kumwambia safari hii aiache, baba hasikii tena. Lakini ufunguo alikwisha kuuchomoa, ameshuka, anaelekea nyuma kwenye jeneza, ameinama.