Sindano ya Refa

Refa wa Lumemo hupuliza penalti kabla mshambuliaji hajaanguka vizuri, lakini kuamua kama adungwe sindano ya baridi yabisi kulimshinda tangu kiangazi. Daktari alimweleza kwamba vidonge havimsaidii tena. Sindano hii mpya hutuliza kinga ya mwili inayoshambulia viungo, ila maradhi mengine nayo hupata mwanya. Kila asubuhi alivikunjua vidole kimoja kimoja kwenye maji ya moto, akivifokea kama mabeki wazembe. Mkewe akiuliza, "Umeamua?" hujibu, "Bado nausoma mchezo."

Jumapili, beki mmoja, Ngusa, alimkwatua mtu vibaya. Refa akatia mkono mfukoni, vidole vikagoma kushika kadi. Uwanja mzima ukangoja. Ngusa akasogea.

"Shikamoo mzee. Niruhusu."

Akaichomoa, akaona ni nyekundu, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu." Refa akaibana kati ya viganja, akainyanyua. "Toka nje."

Jioni alimwambia mkewe kwamba kesho anakwenda kupimwa kifua kikuu, maana sindano haianzi kabla ya hapo.

"Kwa hiyo umeamua?"

"Nimeamua. Siwezi kuwa nafukuza watu kwa msaada wao wenyewe."