Kompyuta ya Chumbani kwa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kupenda kuonekana najua. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo nisingekuwa na cha kuandika. Kazi yangu pale Singida mjini ni kutengeneza kompyuta na kuunganisha mitandao ya maofisi, na nikienda ukweni Ihanja natembea kifua mbele, nasubiri mtu aniulize kitu. Siku moja waliniuliza. Hadi leo nikikumbuka nasonya peke yangu, mke wangu anauliza kuna nini, nasema hakuna kitu.

Baba mkwe alikuwa ametimiza mwaka tangu afariki. Kaburi lilikuwa limeshajengewa kando ya nyumba, na Jumamosi ile ibada ya kumbukumbu ingefanyika nyumbani. Mama mkwe, mwalimu mstaafu, alikuwa ametumia miezi mingi kuandika maisha ya mumewe: alizaliwa wapi, alichunga ng'ombe wa nani, alivyoanza kulima alizeti wenzake wakimcheka, maneno aliyomwambia yeye siku ya kwanza walipoonana kisimani. Kurasa kumi na mbili. Aliziandika kwenye kompyuta ya marehemu, ya mezani, ya zamani, iliyokaa chumbani kwao karibu na kitanda. Alitaka kila mlango wa ukoo uondoke na nakala yake, kwa sababu watu wangetoka Mitundu, Mwanza na Dar es Salaam, na alijua hawatakusanyika tena wote namna ile. Printa ilikuwa sebuleni, imeunganishwa na kompyuta ya pili. Kilichotakiwa ni kurasa zile zitoke chumbani zifike sebuleni, hatua zisizozidi kumi na tano.

Sasa, mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe wake. Kwetu Shelui ni hivyo, na Ihanja ni hivyo. Hata akiwa anaumwa, utamjulia hali ukiwa nje ya mlango. Kwa hiyo Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilikaa sebuleni mbele ya kompyuta ya printa, mama mkwe akakaa chumbani mbele ya ile ya marehemu, na mke wangu akasimama kwenye korido penye pazia, akipeleka maneno yangu ndani na kuniletea majibu.

Kompyuta zile hazikuonana. Nilifungua mahali ambapo mashine za nyumba huorodheshwa nikaikuta yangu peke yake. Nikamwambia mke wangu amwambie mama azime awashe. Akazima, akawasha. Nikasema alegeze ulinzi wa kompyuta, nikataja pa kubonyeza, mke wangu akarudia, na kule ndani nikamsikia mama akisoma kila neno polepole, kwa sauti ya ubao na chaki, kabla ya kubonyeza. Nikauliza kama intaneti inafunguka. Inafunguka. Nikabadilisha jina la kundi, nikaruhusu hiki, nikazima kile. Wapi.

Mke wangu alishauri mambo mawili. La kwanza, mama aziweke zile kurasa kwenye flashi. Nikakataa, flashi zinaleta virusi, na nilishazipiga marufuku nyumba ile mwenyewe. La pili, tuilete ile ya chumbani hapa sebuleni niione kwa macho yangu. Nikamwambia mtu anayeijua kazi yake hahamishi mashine. Ukweli ni kwamba Pasaka, nilipowafungia ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, nilikuwa nimewatangazia wote kwamba kuanzia siku hiyo mashine za nyumba ile zitazungumza zenyewe. Sikutaka kurasa zifike kwa kubebwa mfukoni.

Ndipo nikaomba namba. Kila kompyuta hupewa anwani yake ya namba, na zile za mtandao mmoja hufanana mwanzoni, zikatofautiana mwishoni tu. Yangu, sehemu ya tatu ilikuwa moja. Mke wangu alirudi na karatasi, sehemu ya tatu imeandikwa hamsini. Nikamwambia amesoma mstari mwingine. Akarudi ndani, akaja tena na hamsini. Nikamwambia, mbele ya watu, asome vizuri, hii si orodha ya sokoni. Namba ile ilikuwa inaniambia kila kitu, na mtoto yeyote wa mwaka wa kwanza wa fani yangu angeielewa. Mimi nilikuwa nimeshakasirika, na nikikasirika sisomi.

Watu wenyewe walikuwa wameanza kujaa sebuleni. Baba mdogo wa mke wangu, msemaji wa familia, alikuwa amekaa kwenye kochi, fimbo katikati ya magoti, ananiangalia toka saa nane. Ilipokaribia saa kumi na moja akaniuliza kwa upole kama imeshindikana.

Neno lile, kushindikana, lilinichoma. Shangazi za mke wangu walikuwa pale, wageni wa Mwanza walikuwa pale na mizigo yao. Nikajibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba mtandao ni mzima kabisa, niliuacha vizuri, ila kuna mtu huko ndani amekuwa akibonyezabonyeza vitu asivyovijua na amevuruga mipangilio.

Huko ndani alikuwepo mtu mmoja tu.

Pazia halikusogea, lakini sauti ya mama mkwe ilitoka wazi, haikupitia kwa mke wangu. "Basi ni mimi. Naandikaga usiku bila miwani. Nisamehe, baba."

Nikasema, "Haina shida, mama."

Nilimsamehe. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha marehemu, kwenye nyumba ya marehemu, nikamsamehe mjane wake.

Kama dakika kumi baadaye umeme ulikatika. Flashi ingeshamaliza kazi toka saa tisa. Umeme haukurudi hadi Jumamosi jioni, ibada imekwisha na magari ya mbali yameshaondoka. Mama mkwe alikuwa ameandika nusu ukurasa kwa mkono, kwa haraka, na baba mdogo ndiye aliyeusoma pale kaburini, upepo ukimnyang'anya karatasi. Kuzaliwa, kuoa, watoto, kufariki. Kisima hakikuwemo. Dada mkubwa wa marehemu, aliyesafiri toka Mitundu na miguu yake mibovu, aliniuliza mimi, kwa kuwa alisikia mimi ndiye mtu wa mashine, karatasi za mdogo wake zinagawiwa wapi. Nikamwambia kulitokea hitilafu.

Jumapili asubuhi nilimwomba mke wangu aitoe ile kompyuta chumbani aniletee sebuleni. Nilisema taratibu, na yeye hakunikumbusha kitu. Akaileta, akaichomeka, akamfuata mama yake kanisani. Nikabaki peke yangu. Niliiwasha, nikaangalia kona ya chini ya kioo, na ilinichukua muda wa kupiga chafya kuona kosa. Ilikuwa imeunganishwa kwenye mtandao wa wageni.

Ruta ile hutoa mitandao miwili, wa wenye nyumba na wa wageni. Anayeingia kwa ule wa wageni anapata intaneti lakini haoni mashine nyingine yoyote ndani ya nyumba, imetengenezwa hivyo makusudi. Na aliyemweka mama mkwe huko ni mimi. Siku ya Pasaka, nimefunga ruta, aliniomba neno la siri kupitia pazia lile lile. La wenye nyumba nilikuwa nimelitunga refu, herufi kubwa na ndogo na alama zake. Niliona uvivu kumsomea mama mkwe herufi moja moja nikiwa nje ya mlango, na chakula kilikuwa kimeshatengwa. Nikampa la wageni, moja hadi nane, nikajiambia nitarekebisha nikishakula. Nikala. Ile kompyuta ilibaki hivyo tangu siku hiyo, na yeye hakubonyeza kitu chochote. Kwa kweli hakuwa amegusa lolote zaidi ya kuandika.

Niliandika lile neno refu. Kompyuta mbili zikaonana papo hapo. Printa ikaanza kutoa kurasa, na nilikaa nikaisoma ya nne, ya kisimani, na nikalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilikuwa na muda wa kutosha kupanga namna ya kusema. Nilipanga hata sentensi yenyewe: mama, lile kosa lilikuwa langu.

Waliporudi, mama mkwe aliziona kurasa mezani akaweka mkono juu yake bila kuzihesabu. Aliuliza, akiangalia pembeni kama adabu inavyotaka, kama imepona. Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yake. Nikasema, "Imepona, mama. Nimeirekebisha."

Alinishukuru. Akamwita msichana wa jirani amkamatie jogoo, yule mkubwa, na nikasikia akisema ni wa mkwe wake aliyeacha mapumziko ya Jumapili kwa ajili yake. Nililetewa firigisi kwenye sahani ya peke yangu. Nilikula yote, nikanawa.

Tulipokuwa tunafunga mizigo turudi mjini, mke wangu alikuwa amesharudisha kompyuta chumbani. Akatoka akasimama penye pazia, na nilijua kwa namna alivyosimama kwamba ametumwa.

"Mama anauliza kama anaruhusiwa kuigusa tena."

Sentensi yangu ilikuwa bado ipo, nimeipanga, haina maneno hata kumi. Baba mdogo alikuwa uani, anaosha vumbi la gari letu. Hakuna mwingine aliyekuwa anasikia.

"Mwambie aandike tu," nikasema. "Ila asibonyeze vitu asivyovijua."

Mke wangu hakuhitaji kulipeleka lile neno. Mama mkwe alijibu mwenyewe kutoka ndani.

"Sawa, baba. Sitabonyeza."